Rushwa katika biashara ya mafuta: Mkulima wa pamba anaijua mbinu hii

Na Mwandishi Wetu

MKULIMA wa pamba wa Migato, wilayani Itilima mkoani Simiyu, anapokwenda kukodi trekta mwanzoni mwa msimu, mazungumzo huanza na bei ya dizeli. Dizeli ikipanda, bei ya kulima ekari nayo inapanda. Msimu wa kuuza ukifika, lori linalobeba pamba kutoka ghala la AMCOS kwenda kiwanda cha kuchambua hupigiwa hesabu kwa dizeli hiyo hiyo. Mwenye duka anayeleta sabuni na chumvi kutoka Bariadi naye huweka nauli yake juu ya kila mche wa sabuni.

Wengi huishia kumlaumu mwenye sheli. Lakini mwenye sheli ni mtu wa mwisho katika mnyororo mrefu, na sehemu kubwa ya mnyororo huo iko mikononi mwa makampuni ambayo majina yake hayasikiki minadani: Vitol, Glencore, Trafigura na Gunvor. Katika biashara ya mafuta, kazi yao kubwa ni kununua shehena nchi moja na kuiuza nchi nyingine. Kwa lugha ya Usukumani, hawa ni wanunuzi. Hawana shamba, lakini bila wao pamba haiondoki ghalani.

Kati ya mwaka 2020 na 2024, makampuni yote manne yalikiri mbele ya vyombo vya sheria vya Marekani kwamba yalitoa rushwa ili kupata biashara. Vitol ilikubali kulipa dola za Marekani milioni 164 Desemba 2020. Glencore ilikiri Mei 2022, na malipo yake nchini Marekani yakapita dola bilioni 1.1. Machi 2024 ilikuwa zamu ya mbili zilizobaki: Gunvor kwa dola milioni 661 na Trafigura kwa zaidi ya dola milioni 126.

Fedha hizo ni nyingi kiasi cha kumchanganya msomaji. Kinachofaa kutazamwa zaidi ni mbinu iliyotumika, kwa sababu mkulima wa pamba hahitaji kufundishwa mbinu hiyo. Anaifahamu kutoka kwenye ghala lake mwenyewe.

Mnunuzi na mwenye funguo

Mnunuzi asiyetaka kushindana kwa bei hamfuati mkulima. Humfuata karani wa ghala, mwenye mizani na daftari. Akishampa chochote karani, pamba ya daraja la kwanza huandikwa la pili, au mzigo wa kilo 50 husomeka pungufu. Karani hajatoa kitu chake. Ametoa pamba ya watu wengine. Mnunuzi naye hakupoteza kitu, kwa kuwa alichompa karani amekirudisha kwenye bei.

Badala ya karani weka ofisa wa shirika la mafuta la taifa, na badala ya pamba weka mafuta ghafi. Mafuta ni ya wananchi wote, lakini mwenye kuamua nani apewe shehena, lini na kwa bei gani ni mtu mmoja au wawili ofisini.

Mfano wa karibu na sisi ni Sudan Kusini, mwanachama mwenzetu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2016. Nchi hiyo ilipata uhuru Julai 9, 2011, ikiwa na mafuta mengi na ofisi ambazo hata meza zilikuwa hazijatosha. Mwezi uliofuata, kwa mujibu wa kesi iliyosikilizwa London, fedha taslimu dola 800,000 zilitolewa kwenye dirisha la fedha la Glencore huko Uswisi na kusafirishwa kwa ndege binafsi hadi Juba. Katika vitabu ziliandikwa kuwa ni za kufungua ofisi.

Ofisi ya Uingereza inayochunguza makosa makubwa ya udanganyifu, SFO, ilieleza kuwa rushwa iliyotolewa na Glencore kwa ajili ya mafuta ya Nigeria, Cameroon, Ivory Coast, Guinea ya Ikweta na Sudan Kusini ilizidi dola milioni 28. Novemba 3, 2022, Mahakama ya Southwark jijini London iliamuru kampuni hiyo ilipe karibu pauni milioni 281.

Watumishi wa kampuni hiyo hawakuandika neno 'rushwa' popote. Katika barua pepe zao za Afrika Magharibi waliandika 'magazeti', 'majarida' na 'kurasa'. Sisi tunaouza magazeti halisi tungefurahi kama yangenunuliwa kwa bei hiyo. Hapa nyumbani tuna 'chai', 'kitu kidogo' na 'bahasha', kwa hiyo katika kubuni majina hatuwezi kuwacheka Wazungu.

Namba ya dhahabu

Njia ya pili inagusa zabuni, na ndiyo inayostahili kumtia wasiwasi mnunuzi wa mafuta kama Tanzania.

Kati ya mwaka 2011 na 2014, Vitol iliwapa chochote watumishi wa Petrobras, shirika la mafuta la Brazil, ili kupata taarifa za siri. Baadhi ya taarifa hizo zilihusu bei ambayo kampuni ikiiandika itashinda zabuni. Walioshiriki mchezo huo waliiita 'namba ya dhahabu'. Kwa nje zabuni ilionekana safi: bahasha zimefungwa, washindani wapo, mshindi ametangazwa. Lakini mmoja wa washindani aliingia akijua jibu la mtihani.

Mshindani wa namna hiyo hana sababu ya kuandika bei nzuri kuliko inayomtosha kushinda. Kama angeuza kwa 100 na wenzake wamesimama kwenye 108, ataandika 107. Tofauti ya saba ni hasara ya mwenye zabuni, ingawa haionekani kwenye karatasi yoyote ya hesabu. Mkaguzi akija atakuta kwamba aliyeandika bei ya chini ndiye aliyeshinda.

Trafigura nayo ilifanya biashara na Petrobras kwa utaratibu mwingine. Kuanzia mwaka 2009, kampuni hiyo na washirika wake walikubaliana rushwa ya hadi senti 20 za dola kwa kila pipa. Pipa ni lita 159. Senti 20 kwa lita 159 ni kitu ambacho hakuna dereva atakayekigundua. Lakini meli yenye mapipa 500,000 inatoa dola 100,000, na meli haiendi mara moja.

Gunvor ilikuwa Ecuador, ambako mawakala walipewa zaidi ya dola milioni 97, nao wakawagawia maofisa. Ofisa mmoja alinunuliwa saa ya mkononi ya dhahabu.

Neno 'wakala' linarudi katika kesi zote hizi. Kampuni kubwa haitoi bahasha kwa mkono wake. Huajiri mtu wa kati kwa mkataba unaosema anatoa 'ushauri', humlipa kwa ankara halali, naye ndiye anayejua nyumbani kwa ofisa. Siku mambo yakiharibika, kampuni husema haikujua wakala alifanya nini na fedha zake. Mahakama zimeanza kukataa jibu hilo.

Upande wetu

Ni haki kusema wazi kwamba Tanzania haikutajwa kuwa mahali ilipotolewa rushwa katika kesi hizo nne za Marekani wala katika hukumu ya Southwark. Sisi hatuuzi mafuta ghafi. Tunanunua dizeli, petroli na mafuta ya taa yaliyokwisha kusafishwa. Lakini mnunuzi naye ana ghala lake, mizani yake na makarani wake.

Hadi mwaka 2000 uagizaji ulikuwa mikononi mwa Shirika la Maendeleo ya Petroli, TPDC. Soko lilipofunguliwa, kila kampuni ilileta meli yake, nyingi zikiwa ndogo na ghali. Mwaka 2012 ukaanza utaratibu wa kuagiza kwa pamoja, ambao tangu 2016 unasimamiwa na Wakala wa Uagizaji wa Mafuta kwa Pamoja, PBPA. Makampuni ya ndani husema yanahitaji kiasi gani, mahitaji hujumlishwa, na zabuni hushindaniwa na wafanyabiashara wa kimataifa.

Wanachoshindania si bei ya mafuta yenyewe. Bei hiyo hufuata soko la dunia, kwa takwimu zinazoandikwa na shirika la Platts. Wanashindania nyongeza juu yake, inayoitwa premiamu, kwa dola kwa kila tani: gharama ya kusafirisha, bima, na faida yao. Premiamu ndiyo sehemu ambayo zabuni nzuri inaweza kuishusha na zabuni mbovu kuipandisha. (Hata takwimu za soko la dunia si Msahafu. Mwaka 2022 tawi la Glencore la Marekani lilikiri kuchezea bei za Platts za mafuta mazito katika bandari mbili za nchi hiyo.)

Tupige hesabu ya mfano tu. Tuseme premiamu imeongezwa dola 10 kwa tani bila sababu. Tani moja ya dizeli ni karibu lita 1,180. Dola ikiwa Sh 2,500, nyongeza hiyo ni kama Sh 21 kwa lita. Trekta likitumia lita nane kulima ekari, mkulima wa Migato ameongezewa Sh 168 kwa ekari. Hakuna atakayeandamana kwa Sh 168.

Sasa tazama upande wa pili. Meli ya tani 40,000 imeleta dola 400,000 zaidi, yaani shilingi bilioni moja, kwa safari moja. Fedha hizo hazikutoka kwenye mfuko mmoja. Zimekusanywa kwa mamia ya shilingi kutoka kwa mwenye trekta, mwenye lori, bodaboda na mashine ya kusaga.

Ndivyo ilivyo mizani iliyochezewa nusu kilo. Mkulima wa mizigo 20 anapoteza kilo 10 na kusema ni unyevu. Ghala lililopokea mizigo 10,000 limempa mnunuzi tani tano za bure.

Na kama ilivyo kwenye pamba, zabuni safi haisaidii ikiwa mizani ni mbovu. Februari 2016, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alifika bandari ya Dar es Salaam kuhoji kwa nini mita za kupimia mafuta yanayoshushwa kutoka melini zilikuwa hazitumiki kwa miaka kadhaa, huku kazi ikifanywa kwa kutumbukiza kijiti kwenye matangi. Mita zilikuwapo tayari. Mkulima aliyewahi kuona mizani ya digitali imefunikwa gunia huku pamba ikipimwa kwa mizani ya zamani hatahitaji maelezo zaidi.

Somo la Triton kwa wenye stakabadhi

Wakulima wa choroko na dengu wanaouza kwa stakabadhi ghalani wana sababu yao ya kufuatilia habari za mafuta, na inatoka kwa majirani zetu wa Kenya.

Kampuni ya Triton ilikuwa ikishinda zabuni za kuingiza mafuta Kenya. Kwa kuwa haikuwa na fedha zote, mabenki na wafanyabiashara wa nje, Glencore ikiwa mmojawapo, walilipia shehena. Mafuta yaliwekwa kwenye matangi ya Kampuni ya Bomba ya Kenya, KPC, kwa makubaliano kwamba hata lita moja isitoke mpaka aliyelipia aseme ndiyo. Hiyo ni stakabadhi ghalani, ila ghala ni la chuma na mazao ni ya majimaji.

Desemba 2008 Triton iliwekwa chini ya mfilisi, na wenye fedha wakaenda kutazama mafuta yao. Karibu lita milioni 126 hazikuwapo. Thamani yake ilitajwa kuwa shilingi za Kenya bilioni 7.6. Mafuta yalikuwa yameruhusiwa kutoka na kuuzwa bila idhini ya waliolipia. Januari 2009 mkuu wa KPC na bodi yake waliondolewa. Mwenye Triton alikuwa amekwishaondoka nchini, na alirudishwa kutoka Uingereza Januari 2024 kujibu mashtaka, miaka 15 baadaye.

Wakubwa hao wa dunia, wenye wanasheria kila mji, walikuwa na karatasi safi kabisa mkononi. Kilichokosekana ni mtu wa kwenda kutazama tangi kila wiki. Mwanachama wa AMCOS ambaye hajawahi kuomba kuona mzigo wake ghalani kabla ya mnada afikirie hilo.

Chenji inakwenda kwa nani?

Katika habari hii yote, hapa ndipo mwandishi huyu anapoona uonevu mkubwa zaidi.

Wizi wa kawaida ukithibitishwa, mali hurudi kwa mwenyewe. Pauni karibu milioni 281 zilizoamriwa na Mahakama ya Southwark hazikwenda Juba wala Abuja, zilikwenda serikali ya Uingereza. Nigeria iliomba isikilizwe kuhusu fidia na jaji akasema haina haki hiyo katika kesi ile. Dola zilizolipwa Marekani zilibaki Marekani. Pamba imeibwa Migato, faini imelipwa Mwanza, mkulima ameambiwa haki imetendeka.

Watanzania wanaweza kulizungumza hili kwa uzoefu, maana tuliwahi kupita mahakama hiyo hiyo. Ni habari ya rada, iliyonunuliwa kutoka kampuni ya BAE kwa pauni milioni 28, huku zaidi ya dola milioni 12 zikipelekwa kwa wakala. Wasomaji wa Bariadi wanaikumbuka kwa sababu nyingine pia. Aprili 2008 Mbunge wa Bariadi Magharibi, Andrew Chenge, alijiuzulu uwaziri wa Miundombinu baada ya kutangazwa kwamba wachunguzi walikuta zaidi ya dola milioni moja kwenye akaunti yake ya nje, naye akaziita 'vijisenti'. Alikanusha kuwa zilihusiana na rada, na hakushtakiwa.

Desemba 2010 BAE ilikiri Southwark kosa la kutotunza kumbukumbu sahihi za hesabu. Faini ilikuwa pauni 500,000 tu, lakini kampuni ilikubali kulipa pauni milioni 29.5 kwa manufaa ya wananchi wa Tanzania. Watu wakaziita 'chenji ya rada'. Zilinunua vitabu na madawati ya shule za msingi. Unaweza kulalamika kuwa neno 'rushwa' halikutamkwa mahakamani, na malalamiko hayo ni ya haki. Lakini mtoto alipata kitabu.

Kwa hiyo inawezekana, nchi ikidai. Desemba 2022 Glencore ilikubali kuilipa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo dola milioni 180 kumaliza madai ya rushwa ya miaka ya 2007 hadi 2018. Hazikuamriwa na hakimu wa London. Zilitokana na Kinshasa kukaa mezani na kampuni. Sudan Kusini, ambako ndege ilitua na fedha taslimu, haikuwa na meza kama hiyo.

Agosti 2024 SFO iliwafungulia mashtaka watumishi watano wa zamani wa Glencore kuhusu Nigeria, Cameroon na Ivory Coast, na kesi ikapangwa kusikilizwa mwaka 2027. Sudan Kusini haimo kwenye mashtaka hayo.

Ya kufanya sheli

Kwa msomaji wa Migato, vipo vitu vichache vilivyo karibu na mkono wake. Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, EWURA hutangaza bei kikomo kwa kila wilaya, na Itilima ina mstari wake tofauti na Bariadi mjini, Maswa au Meatu. Bei hiyo hupatikana kwa simu ya mkononi kwa kubonyeza *152*00#. Taarifa hiyo ya mwezi hueleza pia kama premiamu imepanda au imeshuka kwa kila bandari, yaani Dar es Salaam, Tanga na Mtwara. Sehemu hiyo wengi huiruka.

Sheli inatakiwa kuweka bei kwenye bango na kutoa risiti ya mashine yenye lita na bei. Anayenunua petroli ya chupa kando ya njia hana risiti wala bei kikomo, na anayeihifadhi chumbani anaweka moto chini ya kitanda.

Mizani au pampu ikitiliwa shaka, wahusika ni Wakala wa Vipimo. Aliyeombwa au kuona 'chai', iwe kwenye ghala la AMCOS au kwenye zabuni ya serikali, Takukuru wana namba ya bure, 113. Sheria yao, Na. 11 ya mwaka 2007, inagusa pia hongo kwa ofisa wa nchi ya kigeni. Mtanzania atakayejifanya wakala wa kupeleka bahasha Juba au Kinshasa anaweza kushtakiwa hapa hapa nyumbani.